Kwa nini "Vilja" ilimshinda binti wetu wa sauti ya kwanza: kasi, ufunguo na hisia kwenye rekodi za opereta

Mwl_wa_Kwaya (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Jambo hili limenitesa karibu miezi 2 na sitaki mwalimu mwingine apite nilikopita mimi.

Nafundisha kwaya hapa Moshi. Mwaka huu tulikubaliana kwamba kwenye tamasha letu tuimbe pia vipande vichache vya opereta, tusibaki na nyimbo za ibada peke yake. Kwa ambao neno ni geni: opereta ni mchezo wa jukwaani ambao watu huimba, kisha huzungumza, kisha huimba tena. Ni mwepesi kuliko opera, umejaa dansi, mapenzi na watu kudanganyana. Binti mmoja wa sauti ya kwanza nikampa "Vilja" kutoka Die lustige Witwe, yaani Mjane Mchangamfu, ya Franz Lehár, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Vienna tarehe 30 Desemba 1905.

Nota sikuwa nazo. Nikachukua video moja mtandaoni, nikakaa nayo usiku mzima, vifaa vya masikioni vimebana, naandika sol-fa (do, re, mi) kwenye daftari mstari kwa mstari. Chini ya video palikuwa na maelezo yaliyotolewa na programu: mapigo kadhaa kwa dakika, ufunguo (yaani nota inayokaliwa na Do) A flati meja, hisia: furaha. Nikajaribu kwenye kinanda, kweli A flati inakaa. Nikaandika juu ya karatasi "Do ni A flati", kazi ikaanza.

Huyu binti ana sauti, si ya kubahatisha. Lakini kila tukifika mwisho wa kiitikio, ile mi ya juu, shingo inakaza, kidevu kinapanda, sauti inapasuka. Wiki ya kwanza nikasema ni mazoezi. Wiki ya pili nikambadilishia mazoezi ya pumzi. Wiki ya nne akaikunja ile karatasi mara mbili, akaiweka juu ya kinanda taratibu, akasema, "Mwalimu, mpe mwenzangu." Sikulala vizuri siku ile.

Juzi rafiki aliyesoma Ujerumani akanitumia picha ya nota zenyewe, zile za mistari. Kitu cha kwanza nilichokiona: mwanzoni mwa mstari kuna shapu 1, ile alama ya kupandisha nota. Moja tu. A flati ina flati 4. Wimbo uko G meja! Video ilikuwa imepandishwa nusu toni nzima, yaani hatua ya kitufe kimoja cha kinanda, na mimi nikampandisha mtoto wa watu nayo. Mi ya juu aliyotakiwa kuimba ni B. Mimi nilikuwa namdai C.

Sol-fa ndiyo iliyonificha. Kwenye daftari langu mi ni mi tu, Do ikikaa popote karatasi haibadiliki hata alama moja. Koo ndilo linalojua.

Nikarudi kwenye ile video, nikapunguza kasi kwa asilimia 6 kwa simu. Ikashuka hadi G. Lakini kilichonishangaza zaidi ni yule mwimbaji. Kwenye video ya mwanzo alisikika kama binti mdogo mwenye haraka, mtetemo wa sauti yake mfupi na wa mbio. Iliposhuka akawa mama mtu mzima, sauti imenenepa, mtetemo umetulia, anavuta pumzi kama mtu anayekumbuka kitu. Wimbo uleule, nota zilezile, mtu mwingine kabisa.

Kwa hiyo namba ya kasi ilikuwa si kweli, ufunguo ulikuwa si kweli, na hisia pia. Zote tatu kwa kosa moja. Nimeleta hapa tujadili, maana najua kuna walimu wengi wanajifunza nyimbo kwa njia hii.

Kijani77

Mkuu pole sana, na hongera kwa kufuatilia. Swali la mtu asiyejua: kwa nini kasi ikipanda na ufunguo unapanda? Mimi nikimwambia mpiga gitaa aongeze mwendo, gitaa halipandi.

Mwl_wa_Kwaya

Swali zuri ndugu yangu. Mtu akiongeza mwendo, anapiga nota zilezile kwa haraka. Mashine ikiongeza mwendo, inaharakisha na mitetemo yenyewe ya sauti. Waliowahi kuwa na redio kaseti wanakumbuka betri zikichoka: mwimbaji anakuwa mzito, anashuka, anageuka mwanamume. Kinyume chake ndiyo kilichonipata. Ukiongeza kasi kwa karibu asilimia 6, sauti inapanda nusu toni. Siku hizi programu zinaweza kutenganisha hivyo viwili, zikabadilisha kasi bila kugusa ufunguo, lakini rekodi nyingi za zamani zilizopandishwa mtandaoni zilihamishwa kutoka kwenye santuri, na huko viwili hivyo haviachani.

Fundi_Studio

Naongezea hapa maana ndiyo kazi yangu. Santuri zile za zamani tunaziita za mizunguko 78, lakini jina hilo limetupotosha sana. Kabla ya kiwango kukubalika, kila kampuni ilikata sahani kwa kasi yake, nyingine 74, nyingine 76, nyingine 80 na zaidi. Chukua sahani iliyokatwa kwa mizunguko 74, iweke kwenye mashine ya 78. Umeongeza zaidi kidogo ya asilimia 5, sauti imepanda karibu nusu toni. Wimbo wa dakika 3 umekwisha sekunde 9 kabla ya wakati wake. Aliyeihamisha hakukosea kwa makusudi, ameona imeandikwa 78 akaamini.

Njia mojawapo tunayotumia kwenye rekodi za baada ya 1925, zilizofanywa kwa umeme: wakati mwingine chini ya muziki kuna mvumo mdogo wa umeme wa studio. Ulaya umeme ni hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. Ukipima ule mvumo ukakuta 53, umejua kila kitu kimeharakishwa kwa asilimia 6, mwimbaji na okestra pamoja. Kabla ya 1925 hakuna msaada huo, walirekodi kwa kuimba mbele ya pembe kubwa ya bati. Hapo kimbilio ni nota na masikio.

mtoto_wa_malindi

Assalaam alaykum nyote. Mwalimu, umenikumbusha nyumbani Unguja. Sahani za Siti binti Saad, zile zilizorekodiwa Bombay kuanzia 1928, nimezisikia kwa kasi tatu tofauti mtandaoni, na kila moja ni Siti mwingine. Bibi yangu mkubwa alimwona Siti kwa macho yake. Alipokuwa hai nilimchezea moja, akasikiliza kwa adabu, akasema, "Huyu anamuiga." Nikamchezea nyengine, nzito zaidi, akanyamaza mpaka ikesha. Basi namuelewa huyo binti wa kwaya. Sauti ikipandishwa, mtu mwenyewe hayumo.

Mwl_wa_Kwaya

Wa alaykum salaam. Ndugu yangu, hiyo ya bibi nimeisoma mara mbili. Ahsante sana.

Alto_wa_Tabora

Mwalimu shikamoo. Nimeelewa ya kasi na ufunguo. Ila hisia sioni ilivyokosewa. G meja au A flati meja, zote ni meja, na meja ni furaha. Maina ndiyo huzuni. Tulifundishwa hivyo. Programu imesema furaha, kosa liko wapi?

Mwl_wa_Kwaya

Marahaba dada. Hapa ndipo nilipotaka tufike.

Sikiliza hadithi ya "Vilja". Hanna, mjane tajiri, amealika watu kwake, anawaimbia wimbo wa kwao. Ubeti wa kwanza: Vilja ni msichana wa msituni, kiumbe asiye binadamu. Mwindaji kijana anamwona juu ya mwamba, anashikwa na mtetemeko asioujua, anapenda papo hapo. Kiitikio kinaingia: Vilja, ee Vilja, nichukue, nifanye wako. Ubeti wa pili: Vilja ananyoosha mkono, anamvuta hadi ndani ya nyumba yake ya mwambani, anambusu hadi kijana anarukwa na akili. Alipotosheka na mabusu, akatoweka. Kijana amebaki peke yake. Kisha kiitikio kilekile kinarudi: Vilja, ee Vilja.

Nota ni zilezile, ufunguo ni G meja uleule. Lakini mara ya kwanza ni mtu anaomba, mara ya pili ni mtu anaaga. Programu itakupa neno gani hapo? Huo wimbo hauna hata maina ya maana ya kuzungumzia, na nimewaona watu wazima wakijifuta macho.

Tena kuna jingine linaloniumiza. Upande mmoja wa santuri uliingia dakika 3 au 4. Kwa hiyo nyimbo za opereta zilikatwa beti, au ziliimbwa mbiombio ili zitoshe. Ukikata ubeti wa pili wa "Vilja" umebaki na kijana anayeomba mapenzi kwenye sherehe. Hapo kweli ni furaha. Ile video yangu ilikuwa na ubeti mmoja tu! Nilikuwa namfundisha binti nusu ya wimbo, juu ya ufunguo wake, kwa mbio, halafu namlaumu kwamba haimbi kwa hisia.

Fidla_ya_Pili

Mkuu uzi umenishika. Naomba niingie na mfano ambao kwangu ndio mkubwa kuliko wote kwenye opereta: ule wimbo wa watu watatu katika tendo la kwanza la Die Fledermaus ya Johann Strauss wa pili.

Eisenstein amehukumiwa siku 8 jela. Anamuaga mkewe Rosalinde, na mtumishi Adele yupo pembeni. Rosalinde anaanza kuimba kwa maina, polepole, nitabakije peke yangu siku 8 bila wewe. Huzuni tupu, ukisikia nusu dakika hiyo utasema ni msiba. Lakini wewe mtazamaji unajua: mume haendi jela usiku huo, anakwenda kwenye dansi kwa Mwanamfalme Orlofsky. Adele naye ameomba ruhusa kwa kisingizio cha shangazi mgonjwa, anakwenda dansi hiyohiyo. Na Rosalinde mwenyewe ana mpenzi wa zamani, mwimbaji wa tenori (sauti ya juu ya kiume), anangoja mume atoke aingie. Wote watatu wanalia, na hakuna hata mmoja mwenye huzuni.

Sasa Strauss anafanya nini? Anaacha maina iende mpaka machozi yakaribie kuaminika, halafu miguu inawasaliti. Wimbo unageuka meja, mwendo wa kurukaruka, midomo bado inasema ole wetu, ole wetu, na magoti yameshaanza dansi. Wanajirudisha kwenye huzuni, miguu inawatoroka tena. Nimepiga fidla ya pili kwenye kipande hiki, na fidla ya pili ndiyo inayoshika yale mapigo madogo ya kurukaruka. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unajua ukweli kabla ya waimbaji hawajausema. Hiyo ndiyo opereta kwangu. Kasi inasema hivi, ufunguo unasema hivi, maneno yanasema vile, na ukweli uko katikati yake.

Melodi hiyo ya huzuni iko pia kwenye utangulizi wa okestra, inapigwa na oboi, chombo cha kupuliza. Mtu asiyejua mchezo anaisikia kama huzuni ya kweli. Anayeujua anatabasamu.

Kijani77

Aisee. Nimeenda kuusikiliza huo utangulizi sasa hivi. Programu yangu ya simu imeupa namba moja ya kasi kwa dakika zote 8. Mimi nisiyejua muziki nimehesabu kasi zisizopungua 5.

Fidla_ya_Pili

Ndiyo hivyo ndugu. Unaanza A meja kwa kishindo, unaishia A meja kwa kishindo, katikati kuna oboi ya huzuni, walzi (dansi ya mapigo matatu), na kengele inayopiga mara 6. Zile kengele usizipite: ni saa 12 asubuhi mwishoni mwa dansi, Eisenstein na mkuu wa gereza wamekunywa pamoja usiku kucha bila kujuana, wote wawili wanashtuka kwamba walitakiwa wawe gerezani. Wastani wa kasi za vitu hivyo ni kama wastani wa urefu wa mtoto na baba yake. Hakuna mtu wa urefu huo nyumbani.

Dada_wa_Vienna

Habari zenu jamani. Niko Vienna mwaka wa 11 sasa, na nimefurahi mno kuona uzi huu kwa Kiswahili. Naomba niseme mawili matatu ya huku.

La kwanza, walzi. Kwenye karatasi ni moja-mbili-tatu zilizo sawa. Huku hakuna anayezipiga sawa. Pigo la pili linawahi kidogo, kama mtu anayeingia mlangoni kabla hujamaliza kusema karibu, halafu la tatu linangoja mahali pake. Haijaandikwa popote kwenye nota. Wanafunzi wageni wanaambiwa wacheze hiyo walzi kwanza kwa miguu, ndipo warudi kwenye chombo. Mashine ya kuhesabu mapigo ikikutana na walzi ya Vienna inahangaika, namba inapanda inashuka. Na mwanzoni mwa walzi huwa wanaingia taratibu sana, kama gari linalotoka kwenye mchanga, ndipo mwendo unakolea.

La pili, Mwalimu usishangae ukikuta rekodi ya okestra ya Vienna iko juu kidogo ya kinanda chako ingawa kasi yake ni sahihi. Mwaka 1885 mkutano wa kimataifa ulifanyika hapahapa Vienna, wakapanga A iwe hezi 435. Mwaka 1939 London wakapanga 440, ndiyo iliyo kwenye vinanda vyenu. Lakini Vienna Philharmonic inapiga kama 443. Kutoka 435 hadi 443 ni karibu theluthi moja ya nusu toni. Sikio la kawaida halilalamiki, koo la soprano, yaani sauti ya kwanza, linalalamika.

La tatu ni la hisia. Die Fledermaus ilifunguliwa ukumbi wa Theater an der Wien tarehe 5 Aprili 1874. Tarehe 9 Mei 1873, karibu mwaka mmoja kabla, soko la hisa la Vienna lilianguka. Watu walifilisika kwa siku moja, wengine walijiua. Kisha ukumbi uleule wa watu wale unajaa, na jukwaani tenori anaimba kwamba ana heri anayesahau yale yasiyoweza kubadilishwa. Ni walzi nyepesi, meja, ya kunywea. Mimi kila nikiisikia sasa nasikia chini yake watu waliopoteza nyumba. Jengo bado lipo, napita mbele yake nikienda sokoni. Na Die Fledermaus bado inapigwa opera ya taifa kila mkesha wa mwaka mpya. Tiketi za kusimama ni rahisi. Nimesimama pale na koti mkononi, na wazee wanaomjua kila mhusika wanacheka kabla neno halijatoka.

Mwl_wa_Kwaya

Dada, ahsante sana. Hiyo ya pigo la pili nimeijaribu sasa hivi mezani kwa vidole. Nikifanya sawasawa ni mazoezi ya kijeshi. Nikiwahisha la pili kidogo, mabega yenyewe yanaanza kuyumba. Kumbe!

Naomba ushauri wako na wa Fidla: ukitaka mtu asikie Die Fledermaus mara ya kwanza, rekodi ipi?

Fidla_ya_Pili

Ya kiongozi wa okestra Carlos Kleiber, iliyorekodiwa Munich na kutoka miaka ya 1970. Julia Varady ni Rosalinde, Lucia Popp ni Adele, Hermann Prey ni Eisenstein. Kasi yake iko kama kamba iliyovutwa, hakuna nota inayolala. Mpito wa kutoka huzuni kwenda miguu ya dansi ni wa kisu. Doa lake kwa wengi ni Orlofsky. Nafasi iliyoandikiwa sauti ya kike amepewa mwanamume, Ivan Rebroff, anayeimba kwa sauti ya juu ya kubana. Mimi nimezoea, wengine hawawezi kuisikiliza.

Dada_wa_Vienna

Kleiber ni mkali, sibishi. Lakini mimi nitampa kiongozi mwingine, Clemens Krauss, 1950, na okestra ya Vienna Philharmonic, Hilde Gueden ni Rosalinde na Julius Patzak ni Eisenstein. Krauss ndiye aliyeanzisha matamasha ya mwaka mpya ya okestra ile, la kwanza likiwa tarehe 31 Desemba 1939. Kwa Kleiber nasikia mtu mmoja mwenye akili kubwa akiishika walzi. Kwa Krauss nasikia mji mzima unaoijua tangu utotoni na hauna haja ya kuthibitisha. Patzak wakati ule hakuwa kijana, sauti imekauka kidogo, na ndiyo maana unamwamini kwamba ni mume mtundu wa miaka 40 na kitu.

Fidla_ya_Pili

Hapo kwenye Patzak nakubali. Kwenye walzi sikubali, lakini nitairudia Krauss usiku huu kwa heshima yako dada.

Alto_wa_Tabora

Na "Vilja" je? Nami nataka kuijaribu. Ipi ya kujifunzia ambayo haijapandishwa?

Mwl_wa_Kwaya

Mimi nimekaa na za mwimbaji wa soprano Elisabeth Schwarzkopf. Aliirekodi opereta nzima mara mbili London na okestra ya Philharmonia, 1953 chini ya Otto Ackermann, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Lovro von Matačić. Tafuta iliyotolewa na kampuni yenyewe, si ya mtu aliyeiweka mtandaoni kwa simu yake. Kisha fanya hivi kabla hujaandika sol-fa hata moja: tafuta nota halisi uone ufunguo, bonyeza G kwenye kinanda, cheza rekodi. Ikikaa, endelea. Isipokaa, usikimbilie kusema rekodi imeharibika, maana waimbaji wengine hushusha wimbo kwa makusudi ulingane na koo zao. Hapo sikiliza mtetemo wa sauti na jinsi wanavyozungumza kama kuna maneno ya kuzungumza. Mtu aliyeharakishwa na mashine utamjua akizungumza.

Na hakikisha beti zote 2 zipo. Hilo nalisema kwa moyo wote.

Fundi_Studio

Mwalimu, hilo la kuzungumza ni dawa. Sisi studio tunalitumia kila siku. Sikio la binadamu linasamehe wimbo uliopanda, halisamehi mazungumzo.

Kijani77

Mleta uzi, sasa binti yuko wapi? Umemwambia?

Mwl_wa_Kwaya

Nilimwambia siku ileile. Nilimpigia mama yake kwanza, nikaomba nije nyumbani, maana hili si la kuandika kwa ujumbe. Nikakaa sebuleni nikamwonyesha ile shapu 1 kwenye picha ya nota. Nikamwambia, "Mwanangu, karatasi ilikuwa na makosa, wewe hukuwa nayo." Aliitazama muda mrefu. Akauliza, "Kwa hiyo ile C nilikuwa naigusa kweli?" Nikamwambia ndiyo, mara mbili uliigusa. Akacheka kwa mara ya kwanza mwezi mzima.

Jana ndiyo mazoezi ya kwanza ya Do ni G, na beti zote 2. Ubeti wa pili nimeutafsiri mwenyewe. Kuna neno la Kijerumani kwenye kiitikio linalosema huyo mwanamume anaumwa mapenzi, nikaweka "mgonjwa wa mapenzi", likaingia kwenye nota bila kulazimishwa. Ile mi ya juu hakuipigia kelele. Aliichukua ndogo, kidevu kikiwa chini, ikakaa hapo juu kama taa ya mbali.

Nilikuwa na saa ya simu mkononi kwa sababu ya huu uzi. Kiitikio cha kwanza sekunde 41. Cha pili, nota zilezile, sekunde 49. Sikumwagiza apunguze. Nilipomwuliza akasema, "Mara ya pili ameshaondoka, Mwalimu, hakuna wa kumkimbilia." Nikafunga kinanda, sikuwa na la kurekebisha.

Tamasha ni Jumamosi ijayo saa 10 jioni. Nitalirekodi na kulipandisha hapa, na chini ya video nitaandika kwa mkono wangu: Do ni G, kinanda 440, beti zote 2, kasi haikuguswa. Pale pa hisia nitapaacha wazi.